Joto, Betri na Chipu ya iPad

Tarehe 27 Januari 2010, katika ukumbi wa Yerba Buena mjini San Francisco, Steve Jobs aliketi kwenye kochi jukwaani, kishikwambi kikiwa mapajani, akaanza kuperuzi magazeti mbele ya halaiki ya waandishi wa habari. Macho ya wengi yalikuwa kwenye kioo cha inchi 9.7. Kuhusu kilichokuwa nyuma ya kioo hicho hakusema mengi. Chipu inaitwa A4, imebuniwa na Apple wenyewe, inakwenda kwa kasi ya gigahazi 1. Akaendelea na mengine.

Mafundi wa kufungua vifaa hawakuridhika na maneno hayo machache. iPad ilipoingia madukani tarehe 3 Aprili, wataalamu wa iFixit na Chipworks waliivunja, wakaitoa chipu, wakaipiga eksirei na kuichambua. Waliyoyakuta yalipunguza majigambo kidogo. Kiini cha hesabu kilikuwa Cortex-A8, usanifu wa kampuni ya ARM ya Cambridge, Uingereza. Sehemu ya kuchora picha ilitoka Imagination, kampuni nyingine ya Uingereza. Na silikoni yenyewe ilitoka katika viwanda vya Samsung ya Korea Kusini, ambayo wakati huohuo ilikuwa ikijiandaa kuuza vishikwambi vyake.

Apple walifanya nini basi? Walichagua, wakabana, wakaondoa kila kisichohitajika. Hilo halikuwa jambo dogo, lakini halikuwa uvumbuzi wa chipu mpya tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo ilikuwa bado iko mbele yao. Na ili kuelewa kwa nini kampuni isiyo na hata kiwanda kimoja cha silikoni iliamua kuingia katika biashara hii, lazima turudi nyuma miaka 27, kwa watu ambao hawakuwa na fedha.

Mwaka 1983 kampuni ya Acorn ya Cambridge ilikuwa imejipatia jina kwa kompyuta ya BBC Micro, iliyosambaa katika shule nyingi za Uingereza. Ndani ya BBC Micro kulikuwa na prosesa ya Kimarekani ya 6502, chipu ya bei nafuu ambayo sasa ilikuwa imeanza kuzeeka. Wahandisi wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, walipewa kazi ya kutafuta mrithi wake. Walipima chipu zilizokuwapo sokoni, wakaona hakuna inayowafaa.

Oktoba mwaka huo walifunga safari hadi Phoenix, Arizona, kwenye kampuni ya Western Design Center iliyokuwa ikiendeleza ukoo wa 6502. Walitarajia jengo kubwa na jeshi la wahandisi. Wakakuta nyumba ya kawaida ya mtaani, na vijana wachache wakichora saketi. Walirudi Cambridge na wazo moja: kama hawa wanaweza, na sisi tutaweza.

Bosi wao, Hermann Hauser, mzaliwa wa Vienna, alizoea kusimulia baadaye kwamba aliipa timu ile vitu viwili ambavyo kampuni kubwa hazikuwahi kuwapa watu wao: ukosefu wa fedha na ukosefu wa watu. Ni utani, lakini ndio ufunguo wa historia nzima ninayoisimulia hapa. Kwa kuwa walikuwa wachache, walilazimika kubuni prosesa yenye amri chache na nyepesi, wakifuata fikra zilizokuwa zimeanza kuenea kutoka Chuo Kikuu cha Berkeley. Wilson alipanga amri hizo kichwani, kisha akaandika programu ya kuigiza prosesa nzima kwa lugha ya BASIC kwenye BBC Micro ileile waliyotaka kuistaafisha. Furber akachora mwili wake.

Kisha likaja suala la kifuniko. Kifuniko cha kauri kingepandisha bei. Cha plastiki kilikuwa rahisi, ila hakistahimili joto jingi. Wakaamua chipu yao isizidi wati 1. Tatizo ni kwamba zana zao za kukadiria matumizi ya umeme zilikuwa duni, hivyo wakabana kila kona kwa kuogopa kuvuka mpaka. Waliishia kwenye takribani sehemu ya kumi ya wati. Umeme mdogo, sifa ambayo leo inabeba dunia nzima ya simu na vishikwambi, ulipatikana kwa sababu ya bei ya plastiki. Mwaka ule hakuna aliyekuwa akifikiria betri.

Chipu za kwanza zilifika kutoka kiwandani Marekani tarehe 26 Aprili 1985. Zilikuwa na transista zipatazo 25,000. Prosesa ya 386 ambayo Intel waliitoa baadaye mwaka huohuo ilikuwa na 275,000. Ziliwekwa kwenye bodi, na mchana uleule zikaanza kuendesha programu. Furber alitaka kujua zinakula umeme kiasi gani, akaunganisha kipimo kwenye njia ya umeme wa chipu. Kipimo kikasoma sifuri. Akachunguza bodi na kugundua hitilafu: umeme ulikuwa haujaunganishwa kabisa na chipu. Prosesa ilikuwa ikifanya kazi kwa umeme uliovuja kupitia nyaya za mawimbi ya data kutoka saketi za jirani. Wahandisi wa ARM wamekisimulia kisa hiki kwa miaka mingi, na wana haki.

Acorn wenyewe hawakunufaika sana. Mwaka huohuo wa 1985 walizama kwenye madeni na kuangukia mikononi mwa Olivetti wa Italia. Aliyeikumbuka chipu yao alikuwa Apple, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akibuni kifaa cha kushika mkononi, Newton. Walikuwa wamechagua prosesa ya AT&T, haikuwaridhisha, wakageukia Cambridge. Novemba 1990, Apple, Acorn na kampuni ya VLSI iliyokuwa ikizitengeneza chipu hizo waliunda kampuni mpya ya ARM. Ilianza na wahandisi 12 wakifanya kazi katika ghala la shamba kwenye kijiji cha Swaffham Bulbeck. Kwa kuwa haikuwa na mtaji wa kujenga kiwanda, ARM iliamua kuuza leseni: mchoro ni wetu, chipu tengeneza mwenyewe. Ukata tena ndio ulioamua.

Newton ilitoka mwaka 1993, ikachekwa kwa kushindwa kusoma mwandiko wa watu, na Jobs aliporudi Apple akaifuta mwaka 1998. Lakini toleo lake la MessagePad 2000, la mwaka 1997, lilibeba chipu inayostahili kutajwa: StrongARM, iliyobuniwa na kampuni ya DEC. Ilikuwa na kasi ya megahazi zaidi ya 160 kwa chini ya nusu wati. Miongoni mwa wakuu wa mradi huo alikuwa Dan Dobberpuhl, mhandisi aliyekuwa amekwishatengeneza prosesa za Alpha, zenye kasi kuliko karibu zote za wakati wake. Tulishike jina hilo.

StrongARM iliangukia mikononi mwa Intel kufuatia mgogoro wa kisheria kati yao na DEC. Intel wakaiendeleza kwa jina la XScale, kisha mwaka 2006 wakaiuza kwa Marvell kwa dola milioni 600. Miezi michache baadaye, Januari 2007, Jobs alionyesha iPhone. Apple walikuwa wamewaomba Intel chipu ya simu hiyo, na Intel wakakataa. Mkuu wao wa wakati ule, Paul Otellini, alikiri mwaka 2013, akielekea kustaafu, kwamba bei ambayo Apple walikuwa tayari kulipa ilikuwa chini ya gharama waliyoikadiria, na kwamba makadirio hayo yalikuwa makosa. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi uliowagharimu Intel kuliko huo.

iPhone ya kwanza ikatumia chipu ya Samsung yenye usanifu wa ARM. Ilifanya kazi, ila Apple hawakupenda kusubiri ratiba ya mtu mwingine. Aprili 2008 walinunua kampuni ndogo ya P.A. Semi ya California kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 278. Ilikuwa na watu wapatao 150, na mwanzilishi wake ni yuleyule Dobberpuhl. Mwaka huohuo walimwajiri Johny Srouji, mzaliwa wa Haifa aliyepitia Intel na IBM, wakampa jukumu la kuongoza kazi ya A4.

Hata hivyo kishikwambi kilikaribia kuwa cha Intel. Kwa mujibu wa wasifu wa Jobs ulioandikwa na Walter Isaacson, Jobs alikuwa ameelekea kwenye chipu ya Atom ya Intel. Tony Fadell, aliyesimamia iPod, alipinga kwa nguvu hadi akaweka kitambulisho chake cha kazi mezani akitishia kuondoka. Hoja yake ilikuwa umeme. Jobs akalegeza msimamo.

Hesabu ya Fadell inaeleweka kirahisi ukiishika kwa tarakimu. Betri ya iPad ya kwanza ilikuwa na uwezo wa wati 25 kwa saa moja, na Apple walikuwa wameahidi saa 10. Maana yake kifaa kizima, pamoja na kioo, redio ya Wi-Fi na spika, kilipaswa kuishi kwa wastani wa wati 2.5. Prosesa peke yake ya laptopu ya kawaida wakati ule ilibuniwa kwa wati 25 au 35. Tena laptopu ina feni. Kishikwambi hakina feni wala tundu la kutolea hewa. Joto lote linatoka kupitia mgongo wake, na mgongo huo umelala kwenye kiganja cha mtu.

Kutoka hapo ndipo ulipotokea ujanja wa A4. Cortex-A8 kwenye iPhone 3GS ya mwaka 2009 ilikwenda megahazi 600. Kampuni ya Intrinsity ya Austin, Texas, ikishirikiana na Samsung, ilichukua mchoro uleule na kuupitia mahali palipokuwa na foleni ya ishara za umeme, ikibadilisha saketi za kawaida kwa aina inayotangulia kuchajiwa kabla ishara haijafika, ili ikifika ipite bila kungoja. Walifanya hivyo sehemu chache tu zilizokuwa zikichelewesha nyingine zote. Kasi ikapanda hadi gigahazi 1 bila kuongeza hata amri moja. Apple wakainunua Intrinsity mwezi uleule iPad ilipoingia madukani. Kumbukumbu nayo iliwekwa juu ya prosesa, ndani ya kifuniko kimoja, ili data isisafiri mbali; umbali nao hula umeme. Miezi michache baadaye A4 ileile iliingia kwenye iPhone 4, ikiwa imepunguzwa mwendo hadi takribani megahazi 800, kwa kuwa simu ina betri ndogo zaidi.

A5 ya Machi 2011, chipu ya iPad 2, ilikuwa na viini viwili vya Cortex-A9, na eneo lake lilikuwa zaidi ya maradufu ya A4: takribani milimita za mraba 122 dhidi ya 53. Wachambuzi wengine walishangaa, maana katika biashara ya chipu eneo ni gharama. Ila muuza chipu na muuza kishikwambi hawapigi hesabu moja. Qualcomm au Samsung wakiongeza eneo, faida ya chipu inapungua. Apple hawauzi chipu; wanauza kifaa kizima, na chipu pana inayokwenda polepole hupata kazi ileile kwa joto dogo kuliko chipu finyu inayokimbizwa. Hii ndiyo siri ya utendaji wa vishikwambi vyao kwa miaka yote iliyofuata.

Siri hiyo ilijaribiwa vikali mwaka 2012.

Tarehe 7 Machi mwaka huo Apple walitangaza iPad ya tatu yenye kioo cha pikseli 2048 kwa 1536. Kioo cha awali kilikuwa na 1024 kwa 768. Kwa ukubwa uleule wa inchi 9.7, pikseli zikawa mara nne: kutoka 786,432 hadi 3,145,728. Kila moja ya hizo lazima ichorwe upya mara 60 kwa sekunde ukiwa unaburuza ukurasa kwa kidole. Teknolojia ya kutengeneza transista ndogo zaidi, ya nanomita 32, ilikuwa bado changa kwa chipu kubwa namna hiyo. Wahandisi wakabaki na nanomita 45 zilezile za A4, wakaongeza ukubwa.

Chipu hiyo, A5X, ilikuwa na viini vinne vya kuchora picha na njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 128. Eneo lake lilizidi milimita za mraba 160. Kumbukumbu haikuweza tena kukaa juu yake. Iliondolewa, na mahali pake pakawekwa bamba la chuma la kusambaza joto. Kioo chenyewe kilihitaji taa nyingi zaidi kwa nyuma. Ili kutimiza ahadi ya saa 10, betri ikapandishwa hadi wati 42.5 kwa saa, na kifaa kikanenepa kutoka milimita 8.8 hadi 9.4. Katika historia ya bidhaa za Apple, kurudi nyuma kwenye unene ni jambo la nadra.

Wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba mgongo unapata moto. Jarida la Consumer Reports la Marekani likaipima ikiendesha mchezo mzito huku ikiwa kwenye chaja, likasoma karibu nyuzi 47 za Selsiasi sehemu ya nyuma. Haikuwa hatari, na Apple walisema iko ndani ya mipaka yao, lakini ukweli ulikuwa wazi: kioo kilikuwa kimetangulia mbele ya silikoni. Kichekesho ni kwamba mwaka uleule Apple waliingiza kimyakimya A5 ya nanomita 32 kwenye iPad 2 ya bei nafuu. Eneo likashuka kutoka milimita za mraba 122 hadi takribani 69, na walioipima waliona betri ya kifaa hicho cha zamani inadumu kuliko awali. Aliyelipa pungufu alipata kifaa kisichochemka.

iPad ya tatu haikumaliza mwaka. Tarehe 23 Oktoba, takribani miezi saba na nusu tangu itangazwe, iPad ya nne ilichukua nafasi yake ikiwa na A6X ya nanomita 32. Walionunua mwezi Machi walinung'unika, na mimi nisingewalaumu. Ila A6X ilikuwa na jambo la maana kuliko kupungua kwa transista. Viini vyake, vilivyoitwa Swift, vilichorwa na wahandisi wa Apple wenyewe. Kutoka ARM walichukua amri tu. Kazi iliyokuwa imebaki mwaka 2010 ilikuwa sasa imekamilika.

Mwaka mmoja baadaye ikaja A7 ya biti 64, ya kwanza ya aina hiyo kwenye simu. Ofisa mmoja wa Qualcomm aliiita mbinu ya kibiashara tu. Kampuni yake ikayakana maneno hayo, na ofisa akahamishiwa kazi nyingine. A7 ilisukuma kioo kilekile cha pikseli milioni tatu kwenye iPad Air yenye betri ya wati 32.4 kwa saa na uzito wa gramu 469, wakati iPad ya nne ilikuwa na zaidi ya gramu 650.

Kuanzia 2014 uzalishaji ulianza kuhamia TSMC ya Taiwan, na chipu zenye herufi X zikafuatana karibu kila mwaka. Ya kusimama nayo ni A12X ya mwaka 2018: nanomita 7, transista bilioni 10, viini vinne vya nguvu na vinne vya kubana matumizi. Apple walidai inazishinda asilimia 92 ya kompyuta za kubebeka zilizouzwa katika miezi 12 iliyotangulia. Ndugu yake A12Z, iliyotofautiana nayo kwa kiini kimoja tu cha picha kilichowashwa, ilifanya jambo kubwa zaidi: Juni 2020, Apple waliiweka ndani ya Mac mini na kuwagawia waandishi wa programu wajiandae kuachana na Intel. Chipu ya kishikwambi ikawa inaendesha kompyuta ya mezani. Novemba mwaka huo ikatoka M1, na Aprili 2021 M1 hiyohiyo ikatangazwa kwenye iPad Pro.

Mei 2024 mambo yakapinduka: chipu mpya, M4, ilianza kwenye kishikwambi kabla ya kufika kwenye Mac. Ina transista bilioni 28 ndani ya kifaa chenye unene wa milimita 5.1. Kuhusu joto, Apple walitandaza karatasi za grafati ndani yake na kutia shaba kwenye nembo ya tofaa iliyo mgongoni, ili nembo nayo isaidie kupooza. Muda wa betri uliotangazwa ni hadi saa 10, uleule wa mwaka 2010. Na hakuna hata amri moja ya ARM ya mwaka 1985 ambayo M4 inaweza kuiendesha moja kwa moja, kwa maana Apple waliziondoa amri za biti 32 tangu A11 ya mwaka 2017.

Kwa msomaji anayefikiria kununua, hukumu yangu ni hii: mifumo na programu za iPad zimeachwa nyuma na chipu zake tangu enzi za A12X, na wanaofaidi M4 kweli ni wahariri wa video na wachoraji wa michoro mizito. iPad ya kawaida iliyotolewa Machi 2025 kwa dola 349 huko Marekani inatumia A16, chipu iliyotoka kwanza kwenye iPhone 14 Pro mwaka 2022. Kwa kusoma, kuandika, kupiga simu za video na kutazama filamu, hiyo inatosha na kubaki.